Picha nzuri kwenye ukuta wa chokaa: ni sanaa au ni uharibifu?

SWALI: Nyumba yetu ya urithi iko Mji wa Kale, Mombasa. Ubavu unaotazama kichochoro ni wa mawe na chokaa, kazi ya wazee. Nyuma tuliongeza stoo ya matofali ya saruji miaka michache iliyopita. Tulikwenda Lamu siku tatu kwa harusi, na tuliporudi tukakuta kwenye ubavu wa chokaa picha kubwa ya mama aliyejifunga leso. Kwenye ukuta wa stoo kuna maandishi ya rangi ya fedha na nyeusi yasiyosomeka. Mpangaji wa duka la chini anataka picha ibaki kwa sababu watalii wanasimama kujipiga nayo picha. Kaka yangu anataka twende polisi kwa yote mawili. Mimi yule mama nampenda, maandishi siyataki hata kuyaona. Je, grafiti ni sanaa au ni uharibifu? Na nifanye nini? (Bi. S., Mombasa)

JIBU: Bi. S., picha ulizotuma nimezitazama, na jibu langu huenda likakuudhi kidogo. Unachokipenda ndicho kinachoiharibu nyumba yako. Usichotaka kukiona ni kazi ya rola na makopo machache ya rangi, inaisha wikendi moja.

Tatizo la swali la "sanaa au uharibifu" ni kwamba linaulizwa kama moja ilhali ni mawili, na kila moja lina hakimu wake. La kwanza ni je, kazi hii ina ufundi, ina wazo, ina mkono wa mtu anayejua? Hilo hujibiwa kwa macho. La pili ni je, aliyechora alikuwa na ruhusa, na ukuta umepata hasara gani? Hilo hujibiwa na sheria na fundi wa nyumba. Kitu kimoja kinaweza kufaulu la kwanza na kuanguka la pili. Picha ya mama wa leso ni sanaa, sina shaka: mikunjo ya kitambaa begani imepulizwa kwa kichwa chembamba cha kopo kutoka karibu, kisha ikalainishwa kwa vumbi la rangi kutoka mbali, na hilo huwezi kulifanya kwa kubahatisha. Na bado ni uharibifu. Sanaa haifuti uharibifu, na uharibifu haufuti sanaa.

Kanuni ya Adhabu ya Kenya haina kosa linaloitwa grafiti. Kinachotumika ni kifungu cha 339 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63, kuhusu kuharibu mali kwa makusudi na bila haki, ambacho adhabu yake inafika kifungo cha miaka 5. Hakuna mahali kinapouliza kama picha inapendeza. Kinauliza kama mali imeharibiwa, kama ilikuwa makusudi, na kama aliyefanya alikuwa na haki. Ruhusa ya mwenye nyumba inaua kosa lote hapo hapo. Ndiyo maana mkono ule ule, kopo lile lile na herufi zile zile zikiwa kwenye ubavu wa matatu zinalipiwa na mwenye gari kwa furaha, na zikihamia ukutani usiku zinaitiwa askari.

Neno "kuharibu" lenyewe limewasumbua majaji nchi nyingi, kwa sababu rangi haivunji kitu. Uingereza, mwaka 1986, mahakama iliamua kwamba hata michoro ya chaki inayooshwa kwa maji kwenye njia ya watembea kwa miguu ni uharibifu, kwa kuwa halmashauri ililazimika kugharamia kuisafisha. Ujerumani walibishana miaka mingi kama kupaka rangi bila kuumiza ukuta wenyewe ni kosa, hadi mwaka 2005 walipoongeza kwenye kifungu cha 303 cha kanuni yao ya adhabu kwamba kubadilisha sura ya mali ya mtu kwa kiasi kikubwa na si kwa muda mfupi tu, bila idhini, kunatosha. Kwa hiyo kaka yako si mtu wa kukuza mambo. Ana hoja.

Lakini kabla hamjakwenda kituoni, ulizeni vizuri juu ya ruhusa. Yule mama ana urefu wa karibu mita 3 na upana wa mita 4. Usuli wake wa bluu umepakwa kwa rola na rangi ya maji, na sehemu ya juu haifikiki bila ngazi. Hiyo si kazi ya kuviziana gizani. Ni watu wawili na mchana mzima, mbele ya mlango wa duka. Maandishi ya stoo ndiyo ya kuviziana: rangi ya fedha hutumika na wenye haraka kwa sababu hufunika ukuta wa aina yoyote kwa mkono mmoja, yaani kwa kupakwa mara moja tu, kisha mstari mweusi unazungushwa na mtu anaondoka, dakika tano hazifiki. Basi mpangaji wako akisema hakuona kitu, mwulize mara ya pili, kwa upole. Ikiwa aliwaambia vijana "choreni tu", wao watajitetea kwamba walipewa ruhusa, na kesi ya jinai inalegea sana hata kama mpangaji hakuwa na mamlaka hayo. Kwa kawaida hana. Mpangaji wa duka amekodi chumba na matumizi yake; ukuta wa nje unabaki mikononi mwa mwenye nyumba isipokuwa mkataba useme vingine, kwa hiyo usome mkataba wenu. Huko Uingereza mwaka 2015 suala hili lilifika Mahakama Kuu baada ya wapangaji wa jengo moja mjini Folkestone kubandua kipande cha ukuta chenye mchoro wa Banksy, msanii maarufu wa grafiti, ili kiuzwe. Mahakama ikasema kipande kile ni mali ya mwenye jengo. Uamuzi huo haufungi mahakama za Kenya, ila mantiki yake ndiyo ile ile ambayo wakili wako angeanza nayo.

Nendeni kituoni mkaandikishe maandishi ya stoo, mpate namba ya OB (kitabu cha matukio cha polisi), hasa kama nyumba ina bima. Kuhusu picha, subirini mpangaji aseme ukweli. Na kama aliyeandika atakutwa ni mtoto chini ya miaka 18, Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 inafungua njia ya kumaliza jambo nje ya mahakama, kwa mfano kumfanya aje afute alichoandika. Kwa kosa la kopo moja la rangi, naona hiyo ni haki zaidi kuliko selo.

Sasa tuje kwenye ukuta, maana ndiko jambo lenyewe liliko.

Ukuta wako wa kichochoroni umejengwa kwa mawe ya matumbawe na udongo wa chokaa, ukapigwa lipu ya chokaa. Kuta hizo ni nene, mara nyingi nusu mita au zaidi, na zinafanya kazi kwa kupumua. Maji yanapanda kutoka ardhini, mengine yanaingia na mvua na hewa ya bahari, na yote yanatoka tena kupitia uso wa lipu. Yakitoka yanaleta chumvi. Chumvi ikikauka nje ya lipu ni unga mweupe unaofagiwa kwa ufagio wa nyuzi, hakuna hasara. Ukiufunika uso huo kwa rangi ya plastiki, iwe ya kupuliza au ya maji ya madukani, unyevu unatafuta njia na kuikosa. Chumvi inagandia nyuma ya rangi, ndani ya lipu, na fuwele zake zikikua zinasukuma. Baada ya masika moja au mbili utaona malengelenge, kwanza chini, kiasi cha nusu mita kutoka ardhini. Ukigonga kwa kifundo cha kidole utasikia sauti ya tupu, kama kugonga dafu lililokwisha maji. Kisha lipu inadondoka kwa vipande vikubwa vyenye rangi nzuri upande mmoja na unga wa chumvi upande wa pili.

Tazama picha yako ya tatu, kona ya chini kushoto, kwenye pindo la leso. Kuna malengelenge matatu tayari, makubwa kiasi cha shilingi. Hiyo ni wiki chache tu.

Kwa hiyo hata ukiamua kumwacha yule mama, hutakuwa naye. Ataanza kumomonyoka miguuni kupanda juu, na atachukua lipu ya wazee pamoja naye. Maandishi mabaya ya stoo, kwa upande wake, yamekaa juu ya saruji ambayo ilishapakwa rangi ya plastiki toka mwanzo. Hayajazidisha wala kupunguza chochote kwenye ukuta. Ndivyo ilivyo, kibaya kwa macho hakijaumiza, na kizuri kinaumiza.

Nikiwa hapo, nikuonyeshe kitu kilicho hatua chache kutoka kwako. Ndani ya Fort Jesus kuna kipande cha ukuta chenye michoro ya Wareno: merikebu, makanisa, watu, wanyama, iliyochorwa kwa mkaa na udongo mwekundu kabla ngome haijatekwa na Waomani mwaka 1698. Ni mikono ya wanajeshi au mabaharia waliochoshwa na zamu, na sidhani waliomba ruhusa kwa kamanda. Leo inahifadhiwa na kuonyeshwa kama urithi. Kwenye magofu ya Gede na ya Kilwa pia kuna vyombo vya bahari vilivyokwaruzwa kwa ncha kwenye lipu ya chokaa, na wanahistoria wanavitumia kujifunza jinsi majahazi na mitepe ilivyoundwa. Watu hutumia mifano hii kusema grafiti ya leo ni urithi wa kesho. Huenda. Lakini angalia walichochorea: mkaa, udongo mwekundu, msumari. Vyote hivyo vinaacha lipu ipumue. Ndiyo sababu moja ya lipu ile kuwapo hadi leo. Wangekuwa na makopo ya kupuliza, tungekuwa na jiwe tupu.

Jinsi ya kuiondoa picha

Nyumba ikiwa ndani ya mpaka wa Mji wa Kale, eneo lililotangazwa kuwa la hifadhi, pita kwanza ofisi ya hifadhi iliyo chini ya Makumbusho ya Taifa kabla hujamwita fundi. Wanazijua kuta hizi, na mabadiliko ya uso wa nje ni jambo lao.

Piga picha ya mchoro wote, mchana, kamera ikiwa imesimama sawasawa mbele yake, na uweke futi ya fundi pembeni ili vipimo vionekane. Utaihitaji baadaye, si kwa polisi tu.

Chagua eneo la sentimita 10 kwa 10 kwenye kona isiyoonekana, ulifanyie jaribio. Dawa inayofaa ni ya kuondolea rangi ya aina ya jeli, kwa sababu jeli inakaa juu na haikimbilii ndani ya vinyweleo. Tina ya kawaida ikipakwa kwa tambara kwenye chokaa inayeyusha rangi na kuipeleka ndani zaidi. Unafuta bluu juu, unapanda bluu chini. Paka jeli nene ya milimita 3 hivi, funika kwa nailoni, ubandike kingo zake kwa tepu ya karatasi ili jeli isikauke. Baada ya nusu saa inua pembe uangalie. Rangi ikiwa imejikunja kama maziwa yaliyoganda, iondoe kwa mwiko wa mbao au wa plastiki. Wa chuma unachimba. Usuli wa rola utatoka mara ya kwanza au ya pili, ila mistari myeusi na nyekundu ya kupuliza itaacha kivuli. Kivuli hicho kinavutwa kwa bandiko: unga wa kaolini au talki uliokandwa na dawa hiyo hiyo mpaka uwe mzito kama siagi, unabandikwa unene wa sentimita moja, unafunikwa kwa nailoni hadi kesho yake, kisha unafunuliwa ukauke. Unapokauka unanyonya rangi kutoka ndani. Rudia mara mbili. Ukivuka tatu unajichosha.

Suuza kwa maji ya bomba na brashi ya nyuzi laini. Kabla ya kusuuza, lowesha ukuta ulio chini ya eneo lile, kwa sababu ukuta mkavu hunywa maji ya rangi yanayoteremka na utapata michirizi mipya hadi chini.

Kuna mambo matatu ambayo mafundi wengi watakushauri na uyakatae. Pampu ya presha: inatoa rangi, na inatoa lipu pia, halafu inaujaza ukuta maji ya wiki nzima. Brashi ya waya na mashine ya msasa: zinakwangua ngozi ngumu ya chokaa iliyochukua miaka kujijenga, na chini yake ni unga. Na asidi ya kusafishia vigae: ukiimimina utaona povu na utadhani inafanya kazi. Povu lile ni ukuta wako. Chokaa na matumbawe ni kitu kimoja mbele ya asidi, vyote vinaliwa.

Sehemu ambazo rangi imegoma kutoka, au zinazolia tupu ukigonga, zibanduliwe hadi kwenye jiwe na zipigwe lipu upya: chokaa iliyozimwa kipimo 1, mchanga vipimo 3, mchanga wa mto uliooshwa, kamwe si wa ufukweni. Kila tabaka lisizidi sentimita moja, na liloweshwe kwa ukungu wa maji asubuhi na jioni kwa siku kadhaa. Fundi akikwambia "tutie saruji kidogo ishike haraka", mshukuru umwage. Saruji ni ngumu na haipitishi unyevu, kwa hiyo inarudisha ugonjwa ule ule tulioutoa, mara hii kwenye kingo za kiraka.

Malizia kwa kupaka chokaa ukuta mzima, kona hadi kona. Chokaa iliyozimwa na kukaa, ichujwe kwa kitambaa na izimuliwe iwe nyepesi kama maziwa. Lowesha ukuta, paka mkono mwembamba, subiri siku moja, paka tena, mikono minne au mitano. Mkono wa kwanza utaonekana kama maji ya mchele na mtu atakuuliza kama umetapeliwa. Weupe unakuja ukikauka. Usipake juani. Na usijaribu kuruka kazi ya kuondoa ukapaka chokaa juu ya rangi ya kupuliza, maana chokaa haishiki kwenye plastiki, itapukutika kama unga wa chapati.

Wafanyakazi wavae glavu na barakoa yenye vichujio vya mvuke wa kemikali. Ile ya kitambaa haizuii mvuke. Jiko la mkaa la jirani lizimwe au lisogezwe. Mabaki ya jeli yakusanywe kwenye ndoo, yasisukumwe mferejini.

Maandishi ya stoo

Hapa ni haraka. Osha kwa sabuni, kausha, piga msasa namba 100 kuua mng'ao wa ile fedha. Kisha usianze na rangi ya maji. Kosa hili ndilo linalofanya watu waseme "nimepaka mara nne bado inaonekana": wino wa kalamu nene na baadhi ya rangi nyeusi na nyekundu zinaamshwa na maji ya rangi mpya na kupanda juu kila unapopaka. Weka andakoti (rangi ya msingi) ya mafuta mkono mmoja, iache usiku kucha, ndipo rangi ya maji mikono miwili. Paka ukuta wote. Kiraka cha mraba chenye rangi tofauti kidogo ni kama karatasi mpya kwa mwandishi, atarudi.

Na usikawie. Mwaka 2008 watafiti wa Groningen, Uholanzi, walitundika vikaratasi kwenye baiskeli zilizoegeshwa kichochoroni. Ukuta ukiwa safi, asilimia 33 ya wenye baiskeli walitupa karatasi chini. Ukuta huo huo ukiwa na maandishi, walifika asilimia 69. Maandishi yao yalikuwa ya ovyo, hayakuwa mchoro kamili, na tofauti hiyo ina maana kwako.

Mhamishe yule mama

Ukuta wa stoo ukishakuwa msafi, ndio mahali pa picha. Usoni kwa saruji iliyokwisha komaa na kupakwa rangi ya plastiki, picha haimdhuru mtu, na ukuta ambao una mchoro kamili waandishi wa majina huukwepa mara nyingi, kwa heshima yao wenyewe kwa wenzao. Si kinga kamili. Ni bora kuliko ukuta mtupu. Mji wa Philadelphia, Marekani, ulipoanza mpango wake dhidi ya grafiti mwaka 1984, uliwachukua waandishi wa ukutani ukawapa kuta halali, na mpango huo ndio uliokua ukawa wa michoro mikubwa ya mji.

Hesabu ya ukuta wako, mita 6 kwa 3, yaani mita za mraba 18: kwenye lipu isiyo laini lita moja ya rangi ya maji hufunika mita za mraba 7 hivi, kwa hiyo mikono miwili ya usuli ni lita 5 za rangi ya nje, na andakoti lita 2 na nusu. Usuli ukiwa wa rola, picha kama ile, yenye rangi nyingi, itakula makopo ya kupuliza ya mililita 400 kati ya 15 na 20. Msanii akikuandikia 40, muulize ni ya nini. Ukuta uoshwe kwa maji baridi yasiyo ya kisima cha chumvi. Kazi ianze alfajiri, kwa sababu upepo wa mchana wa pwani unapeperusha vumbi la rangi hadi kwenye nguo za majirani zilizoanikwa, na isiwe msimu wa masika. Kopo litikiswe dakika mbili tangu gololi ya ndani isikike. Asiyetikisa anapata rangi nyepesi inayotiririka mwanzoni na kichwa kilichoziba mwishoni.

Jua la pwani linakula manjano na nyekundu kali kwanza. Nyekundu ya udongo, hudhurungi, nyeusi na nyeupe zinadumu. Ya udongo na nyeusi ndizo zile zile za Wareno wa Fort Jesus, si bahati. Mwambie msanii uzito wa picha ubebwe na rangi hizo, na zile kali ziwe mahali ambapo zikififia picha haitakufa.

Andikeni mkataba, ukurasa mmoja unatosha. Ruhusa ni ya ukuta upi na kwa muda gani, tuseme miaka 5. Mchoro wenyewe, kwa kuambatanisha rasimu yenye rangi. Nani analipa rangi, nani anarekebisha ikichubuka. Na haki ya kufuta: andikeni wazi kwamba mwenye nyumba anaweza kuipaka baada ya kumpa msanii taarifa ya siku 30 ili aipige picha. Kifungu hiki si cha mapambo. New York, mwenye jengo la 5Pointz aliwaruhusu wasanii kuchora miaka mingi, kisha Novemba 2013 akapaka kuta rangi nyeupe usiku bila kuwaambia. Mwaka 2018 mahakama ikaamuru walipwe dola milioni 6.75 kwa kazi 45, na uamuzi huo ukadumu kwenye rufaa mwaka 2020. Ile ni sheria ya Marekani. Ya Kenya, Sheria ya Hakimiliki ya 2001, inamlinda msanii dhidi ya kupotoshwa au kubadilishwa kwa kazi yake kwa namna ya kumvunjia heshima, na kufuta kabisa hakukutajwa kwa jina, kwa hiyo usiliache liamuliwe na mwingine.

Hakimiliki ndiyo itakayomhusu zaidi mpangaji wako. Ukuta ni wako, rangi iliyoganda juu yake ni yako, lakini picha kama picha ni ya aliyeichora. Watalii kujipiga nayo picha si tatizo. Duka likianza kuichapa kwenye fulana na mifuko, hiyo ni biashara juu ya kazi ya mtu na inahitaji idhini yake ya maandishi na malipo. Na akitaka jina la duka liandikwe ndani ya mchoro, kumbuka jina la biashara ukutani huhesabiwa kuwa tangazo, na kaunti hutoza matangazo.

Vijana wenyewe utawapataje? Chini ya kisigino cha yule mama kuna chata (alama ya sahihi ya mchoraji) ndogo nyeupe. Mafundi wa kupamba matatu mjini wanazijua chata hizo kama unavyoijua sahihi ya mwanao. Waite kabla hujaanza kufuta, uwaonyeshe malengelenge, na uwape ile picha uliyopiga na futi pembeni ili waichore upya bila kukisia.

Bado kuna jambo moja. Leso aliyojifunga ina pindo, ina mji (sehemu yake ya kati), lakini pale panapokaa jina, yaani msemo wa leso, wameacha wazi. Bila shaka watataka kulijaza safari hii, na ukuta wa stoo unatazamana na mlango wa jirani. Jina likubaliwe na wewe kabla ya sahihi, na lisomwe mara mbili na mtu anayejua mafumbo ya leso, kwa sababu litakaa hapo miaka 5 na jirani atalisoma kila asubuhi akidhani ameandikiwa yeye.